Vizazi vya Wapamba Magari, Likoni hadi Shimoni

Kupamba na kugeuza magari katika pwani ya kusini ya Kenya kulianzia kazini. Pikapu iliyofungwa mabenchi, Nissan iliyotiwa spika na pikipiki iliyowekewa mwavuli vilikuwa vyombo vya riziki kabla ya kuwa vya kujivunia. Gari la starehe, linalobadilishwa kwa mapenzi ya mwenyewe tu, limekuja mwisho kabisa. Kwa sababu hiyo tofauti za vizazi kwenye barabara ya Likoni hadi Shimoni hazielezwi vyema kwa kutaja tabia za wazee na za vijana. Kila kizazi kilipokea aina fulani ya gari kutoka sokoni na sheria fulani kutoka serikalini, kisha kikapamba pale palipobaki nafasi.

Shimoni iko kama kilomita 75 kusini mwa Mombasa, ikitazamana na kisiwa cha Wasini. Barabara kuu itokayo Likoni hupita Tiwi, Ukunda, Msambweni na Ramisi, ikaishia Lunga Lunga mpakani mwa Tanzania. Anayekwenda Shimoni huiacha pale Kanana, akakata kushoto kwa kama kilomita 15, kipande ambacho kilikuwa cha vumbi na mashimo kwa miaka mingi kabla ya kutiwa lami. Upande wa kaskazini kuna kivuko. Matatu za kusini huishia Likoni: abiria hushuka, huvuka na feri kwa miguu bila nauli, kisha hupanda gari jingine upande wa kisiwani. Maji hayo yameyafanya magari ya kusini kuwa jamii ya peke yake, yenye stendi yake, madereva wake na mafundi wake, na abiria wanaoyajua kwa majina.

Kukipa chombo jina na uso si jambo lililoletwa na gari. Mtepe wa visiwa vya Lamu, uliojengwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba, ulichorwa macho kwenye omo na kupeperusha vitambaa, na jahazi za huko ziliendelea kuwekewa macho ya mbao hata mtepe wenyewe ulipotoweka. Nchi kavu, leso za wanawake zilibeba maneno ya kumfikia jirani, mume au mke mwenza bila mtu kufungua kinywa. Gari la kwanza lililoandikwa methali nyuma lilikuta wasomaji tayari, watu waliozoea kwamba kitu kinachopita mbele ya macho kina haki ya kusema.

Kizazi cha kwanza kilikuwa cha mbao na bati. Katika miaka ya 1950 na 1960 mtu aliyetaka lori au basi aghalabu alinunua fremu yenye injini na kichwa, kisha akampelekea fundi wa bodi. Fundi alisimamisha mifupa ya mbao, akaivika bati, akapanga mabenchi na kuacha madirisha bila vioo. Ng'ambo ya bahari, Unguja na Pemba, magari ya abiria yenye bodi za mbao zilizo wazi pembeni yaliendelea kutembea hadi karne ya 21, na anayetaka kuona kazi ya kizazi hicho ikiwa hai hana haja ya kutafuta picha za zamani.

Matatu zilizaliwa ndani ya ufundi huo. Zilianza Nairobi kama magari ya magendo, yakibeba abiria bila leseni na kukimbizwa na polisi, mpaka mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipotangaza kwamba zinaweza kufanya kazi bila leseni ya Bodi ya Leseni za Usafiri. Tangazo hilo liliwafungulia mlango wenye pikapu kote nchini. Gari lililopendwa lilikuwa Peugeot 404. Nyuma yake palijengwa kibanda chenye mabenchi mawili marefu, abiria wakikaa wanatazamana, na kondakta akining'inia mlangoni. Springi ziliongezwa majani ili zisilale mzigo ukizidi. Rangi ilipigwa kwa brashi, na herufi zikachorwa na watu wale wale walioandika vibao vya maduka: jina la Mungu, jina la mama, mji wa nyumbani, methali fupi.

Kuchaguliwa kwa Peugeot kulikuwa na sababu yake. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kufika Mombasa mara nyingi katika miongo yake ya mwanzo, yalikuwa shule ya wazi ya magari. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watazamaji waliopanga mstari kando ya barabara waliona gari likiinuliwa lisiguse mawe, bamba la chuma likifungwa chini ya injini, taa za ziada zikipangwa mbele. Wazee wanaopenda magari hadi leo hulipima gari kwa kipimo cha Safari: litafika, na litarudi? Uzuri wa gari kwao ni ustahimilivu wake.

Pwani iliongeza mtihani ambao bara hawaujui sawasawa, nao ni chumvi. Upepo wa bahari hula bati kutoka ndani, na kutu huanzia mahali pasipoonekana, chini ya mlango na kwenye viungo vya sakafu. Mafundi walipaka oili chafu chini ya gari, wakarudia kila ilipokauka. Gari linalolala Shimoni, hatua chache kutoka gatini, huchakaa upesi kuliko linalolala milimani Kwale, na hesabu hiyo imeingia katika kila uamuzi wa mapambo: rangi nzuri juu ya bati bovu ni hasara iliyocheleweshwa.

Kizazi cha pili kilipata gari tofauti kabisa. Tangu miaka ya 1980 pikapu zilianza kuondoka zikiacha nafasi kwa magari ya Nissan na Toyota Hiace, yaliyofungwa chuma pande zote. Mwaka 1984 sheria ya barabarani ilirekebishwa, matatu zikatakiwa tena kuwa na leseni na kukaguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchumi ulifunguliwa, vikwazo vya fedha za kigeni vikaondolewa, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka kwa wingi bandari ya Mombasa. Usukani wao uko kulia kama wa Kenya, bei ikafikika, na mengi yalikuwa ya mizigo, hayana madirisha wala viti vya nyuma. Hapo ndipo gereji za jua kali zilipoonyesha uwezo wao. Fundi alikata bati kwa vipimo vya macho na kamba, akapachika vioo na mipira, akachomelea fremu za viti na kuzifunga sakafuni. Gari la kubebea vitambaa Osaka likawa la kubebea watu Ukunda.

Ubavu mpana wa chuma ulikuwa ukuta mtupu uliomwita mchoraji. Brashi ilipisha kompresa, na kwa rangi ya kupuliza paliwezekana vivuli, moshi, nyuso za watu. Wakatokea wachezaji mpira, waimbaji wa rege, marapa wa Marekani. Ndani, maboksi ya spika yaliwekwa chini ya viti, yakamlia abiria nafasi ya miguu. Amplifaya ikanyonya betri mpaka taa zikafifia kila besi ilipopiga. Muziki uliwagawa watu waziwazi kuliko rangi. Kaseti za taarabu za Juma Bhalo na Zein Musical Party zilikuwa za madereva wa makamo. Makanga vijana walitaka rege, kisha rapu, kisha vijana wenzao walioimba Kiswahili, wakiwemo Ukoo Flani, kundi lenye mizizi Mombasa. Malalamiko ya wazee kuhusu kelele yalikuwa ya haki. Mama aliyebeba mgonjwa kutoka Msambweni hakuwa na pa kujificha.

Hata hivyo mapambo ya miaka hiyo hayakuwa upuuzi wa ujana. Gari lilikuwa la tajiri. Dereva na makanga walimpelekea hesabu ya kila siku, na kilichozidi kikawa chao. Gari lililovutia abiria lilijaa upesi stendini, likapata safari moja zaidi kabla ya magharibi, na safari hiyo moja ndiyo iliyokuwa mshahara wao. Ushindani wa abiria ndio hulipia rangi. Kwa hiyo mapambo yalikolea pale magari yalipokuwa mengi na safari fupi, kati ya Likoni na Ukunda, na yakapungua kadiri barabara ilivyoelekea mpakani. Abiria wa Shimoni hakuwa na anasa ya kuchagua; alipanda lililokuja. Magari ya huko yalibaki na sura ya kizazi cha kwanza kwa muda mrefu zaidi, yakiwa na kariya imara juu ya paa kwa magunia na matenga ya samaki, springi nene, na herufi chache.

Kando ya matatu, utalii ulijenga tawi lake la ufundi. Hoteli za Diani zilipoongezeka tangu miaka ya 1970, wageni walihitaji kupelekwa Shimba Hills, Tsavo, na Shimoni kwenyewe, wanakopandia mashua za kuelekea hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti. Kwa safari za wanyama, mafundi walikata paa la gari na kulitengenezea mfuniko unaonyanyuka, mgeni asimame na kupiga picha. Baadaye Land Cruiser zikakatwa katikati na kurefushwa, zikaongezwa safu ya viti. Hii ni miongoni mwa kazi za ugeuzaji zilizo ngumu kuliko zote Kenya, maana paa na fremu ndivyo hushika gari lisijikunje, na anayevigusa lazima arudishe nguvu aliyoiondoa. Wamiliki walitaka rangi tulivu na usafi, basi. Mwaka 1997, ghasia za Likoni za Agosti zilipowafukuza wageni, magari hayo yalikaa bila kazi, na mafundi wake wakajua jinsi biashara ya kupendeza macho ya mgeni inavyoweza kukatika kwa wiki moja.

Kizazi cha pili kilikatwa na sheria. Tarehe 1 Februari 2004 kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilianza kutekelezwa. Kila matatu ilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, viti visivyozidi 14 kwa magari madogo, na mstari wa manjano ubavuni ulioandikwa njia ya gari. Dereva na kondakta walivaa sare. Vibao vya kuziba njia kati ya viti, ambavyo navyo vilikuwa ugeuzaji wa aina yake, vikatoweka kwa muda. Michoro ilifunikwa kwa rangi moja. Kwa abiria, haya yalikuwa mageuzi makubwa na ya lazima. Watu wengi walikuwa wamekufa barabarani. Kwa wachoraji ilikuwa kupoteza kazi za miaka mingi katika siku chache, na kazi hizo hazikuhifadhiwa na makumbusho yoyote.

Sanaa ile ilihamia ndani na nyuma. Maandishi yalikwenda kwenye kioo cha nyuma, mapambo kwenye dari, viti na dashibodi, mahali ambapo mstari wa manjano haukufika. Katika miaka ya 2010 Rais Uhuru Kenyatta aliwaunga mkono hadharani vijana wa michoro, rangi zikarudi, hasa Nairobi. Novemba 2018 serikali ikazirudisha kanuni za Michuki kwa nguvu, na rangi zikafunikwa tena. Mpambaji wa matatu aliyezeeka katika kazi hii ameiona sheria ikija na kuondoka mara kadhaa, na amejifunza kufanya kazi inayoweza kubanduliwa. Stika ilichukua nafasi ya kompresa kwa sababu hiyo kama ilivyochukua kwa sababu ya bei.

Kizazi cha tatu kimeletwa na bajeti. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na bodaboda, ambayo mwanzo wake ulikuwa baiskeli za mpakani Busia, ikaenea hadi vijijini kote. Kipande cha Kanana hadi Shimoni kilifaa bodaboda kuliko kitu chochote: umbali mfupi, abiria wachache kwa wakati, njia ambayo matatu haikuona faida kuiingia kila saa. Pikipiki hutoka dukani zikiwa zinafanana, Boxer hii na ile, na mwendeshaji huanza kuitofautisha siku ile ile. Kiti hushonewa kava ya rangi na kurefushwa. Mwavuli hufungwa kwa vyuma dhidi ya jua na mvua. Vyuma vya kukinga miguu huongezwa ubavuni, kariya nyuma, redio mbele, taa ndogo za rangi chini ya tangi. Kipande cha mpira kinachozuia matope nyuma ya gurudumu ndicho ubao wa maandishi, na hapo maneno ya kizazi cha kwanza yamerudi karibu yalivyokuwa: dua, jina la mama, onyo kwa mahasidi. Tuktuk za Ukunda na Diani zimefuata njia hiyo hiyo, zikiwa na nafasi zaidi ya mapazia na spika.

Magari madogo ya watu nayo yamepata wapenzi wake. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa, kwa hiyo kinachopatikana kwa bei nafuu hutegemea kile Wajapani walichonunua miaka minane nyuma. Kwa namna hiyo Subaru Impreza na Forester, zenye turbo katika baadhi ya aina, zilifika mikononi mwa vijana wenye mishahara ya kwanza. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 kwa Impreza, na jina la gari hilo halikuhitaji matangazo. Kijana wa leo huliteremsha gari likaribie lami, huweka rimu pana, tinti, spoila, na ekzosi inayonguruma. Mzee aliyeliinua Peugeot ili lipite Ramisi wakati wa masika hutazama gari lililoteremshwa akashangaa. Lakini lami ndiyo tofauti yao kubwa. Kila mmoja amelikata gari kwa kipimo cha barabara aliyoikuta. Na kijana huyo akienda vijijini hukuta Toyota Probox iliyoongezwa springi na kuinuliwa nyuma, ikibeba watu na mizigo kupita idadi yake, kama pikapu ya mwaka 1975.

Namna ya kujifunza ndiyo imebadilika kuliko mengine. Fundi wa bodi alilelewa chini ya fundi mwingine kwa miaka, akianza kwa kushika taa na kusugua kutu, na siri za kazi alipewa kidogo kidogo. Kijana wa sasa hutazama video kwenye simu, akaona Tokyo na Johannesburg kabla hajaiona gereji ya Msambweni. Anajua majina ya vifaa ambavyo havijafika nchini. Faida ni upana wa mawazo. Hasara ni kwamba video haisemi lolote kuhusu chumvi. Taa za rangi zilizounganishwa kwa waya mwembamba bila fyuzi zinaweza kuunguza gari, na kiungo kisichofunikwa vizuri hushika kutu kijani haraka karibu na bahari. Hapo wawili hao hurudi kuhitajiana. Kijana huleta wazo na kifaa, mzee hujua pa kutoboa na pa kutogusa.

Wanafanana pia katika mambo wasiyopenda kuyasikia. Vizazi vyote vitatu vimebebesha gari kupita uwezo wake na kuuita uzidishaji huo ufundi. Kizazi cha kwanza kiliongeza majani ya springi bila kuongeza nguvu ya breki. Cha pili kilichezea vidhibiti mwendo. Cha tatu huondoa vioo vya pembeni vya pikipiki kwa ajili ya sura. Vyote vimelaumiwa kwa kelele na vizazi vilivyotangulia. Na katika vyote mwanamke ameonekana zaidi kama abiria, au kama jina lililoandikwa nyuma, kuliko kama fundi.

Mahusiano ya mwenye gari na mtumiaji yamebaki msingi wa mambo yote. Dereva wa Nissan alipamba mali ya tajiri. Mwendeshaji wa bodaboda leo mara nyingi hupamba mali ya mkopeshaji. Kampuni kama Watu, iliyoanzia Mombasa mwaka 2015, zimewawezesha maelfu ya vijana kupata pikipiki kwa malipo madogo ya kila siku au wiki, na chombo huwekwa kifaa kinachoonyesha mahali kilipo. Mwenye deni hana hamu ya kugusa nyaya wala injini. Mapambo yake huwa ya kufunga na kufungua: kava, mwavuli, stika, mpira wa matope. Pikipiki za umeme, ambazo kampuni kama Roam ya Nairobi zimeanza kuzitengeneza, zinaongeza mpaka mwingine, kwa sababu betri na kompyuta yake havifunguliwi kwa spana. Roam yenyewe ilianza kwa jina la Opibus kwa kugeuza magari ya utalii ya mafuta yawe ya umeme, kazi iliyo ndugu na ile ya kukata paa.

Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024, imeziunga Mombasa na pwani ya kusini bila feri. Gari la Ukunda sasa linaweza kufika bara kwa magurudumu yake, na magari ya bara kuja kusini bila kupanga foleni Likoni. Wachoraji na mafundi wa stendi ya Likoni, waliofanya kazi miaka yote upande mmoja wa maji, wamepata washindani na wateja kwa wakati mmoja. Shimoni kwenyewe umeanzishwa mradi wa bandari ya uvuvi, na pamoja nayo yatakuja malori ya barafu na samaki, yenye bodi za kuhifadhi baridi ambazo mafundi wa bati wa Kwale watatakiwa kujifunza kuzitengeneza na kuzikinga na chumvi.